Uppsala, mji wa chuo kikuu Uswidi: ukifika Stockholm usirudi bila kupita huku

#1 Mtembezi wa Kihonda

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mwaka kuna ndugu zetu wanaokwenda Uswidi: wengine semina, wengine mafunzo mafupi, wengine kusalimia watoto walioolewa huko. Wakirudi wanatuonyesha picha za Stockholm, basi. Mimi nimesoma Uppsala, kilomita kama 70 kaskazini mwa Stockholm, na nimefungua uzi huu kwa nia moja: kumshawishi yeyote mwenye safari ya huko atenge walau siku mbili kwa ajili ya mji huu. Mzuri ni mzuri kweli, lakini kuna zaidi ya uzuri. Uppsala ina mambo mengi yanayotuhusu sisi, na vitabu vya watalii havituelekezi yalipo kwa sababu vinaandikiwa watu wengine.

Nianze na mji wenyewe. Unakatwa katikati na mto mdogo, Fyris. Ukitoka stesheni uko upande wa mashariki, upande wa maduka, soko na mabasi. Vuka daraja lolote uingie magharibi, na mambo yanabadilika: barabara za mawe, majengo ya rangi ya haradali na matofali mekundu, wanafunzi wamejaa na baiskeli zao, kanisa kuu mbele yako na kasri la rangi ya waridi juu ya kilima. Vyote hivyo ni mwendo wa miguu. Hauhitaji gari wala teksi.

Chuo Kikuu cha Uppsala kilianzishwa mwaka 1477 na Askofu Mkuu Jakob Ulvsson kwa kibali cha Papa. Hakuna chuo kikuu kikongwe kuliko hicho Skandinavia yote. Kanisa kuu lina minara yenye urefu wa mita 118.7, na ukipima jengo kutoka mlango wa magharibi hadi nyuma ya madhabahu unapata mita hizohizo 118.7. Ujenzi ulianza miaka ya 1270 na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1435. Kuingia ni bure. Ndani amezikwa mfalme Gustav Vasa pamoja na wake zake, na mtu mwingine nitakayemfikia baadaye kwa sababu anatuhusu sana.

Mkabala na kanisa kuna jengo linaitwa Gustavianum, lenye kuba juu. Hili usilikose. Chini ya kuba kuna ukumbi wa kupasulia maiti uliojengwa na Profesa Olof Rudbeck mwaka 1663. Ni kama kisima cha mbao chenye pembe nane. Katikati chini kuna meza moja, na kuizunguka kuna safu za kusimama, moja juu ya nyingine, zilizobana na mwinuko mkali kiasi kwamba aliye juu kabisa anaitazama meza moja kwa moja chini ya pua yake. Hakuna viti. Mwanafunzi alisimama, akashika ukingo wa mbao, akaangalia. Mwanga unaingia kwa madirisha ya juu kwenye kuba. Nilisimama safu ya juu nikaelewa jinsi walivyofundishwa: kila mtu aone, asiwepo wa kusema nilizibwa.

Naendelea chini.

#2 Kijana wa Makorora

Tupo pamoja mkuu, shusha vitu. Mimi napita Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, mwezi Mei nikielekea kwa dada yangu, kwa hiyo uzi huu nauhifadhi kabisa.

#3 Mtembezi wa Kihonda

Yule niliyesema anatuhusu ni Carl Linnaeus, aliyeishi 1707 hadi 1778. Alikuwa profesa hapo Uppsala kuanzia mwaka 1741, na kaburi lake liko ndani ya kanisa kuu, jiwe la sakafuni ambalo watu wanapita bila kujua.

Waliosoma kilimo, misitu au baiolojia wanamjua. Kwa wengine nieleze hivi. Angalia jina la kisayansi la mwembe: Mangifera indica L. Mnazi: Cocos nucifera L. Mkwaju: Tamarindus indica L. Mkorosho: Anacardium occidentale L. Mbuyu: Adansonia digitata L. Ile L ya mwisho ni yeye. Maana yake aliyeupa mti huo jina hilo rasmi ni Linnaeus, na mengi ya majina hayo yalitoka katika kitabu chake cha mwaka 1753. Utaratibu wa majina mawili, la jenasi na la spishi, aliusimika yeye na dunia nzima inautumia hadi leo. Afrika hakuwahi kukanyaga. Vielelezo vya mimea na maelezo vililetwa na wasafiri na wanafunzi wake waliosambaa duniani, wengine wakafia njiani.

Bustani yake ipo katikati ya mji, na nyumba aliyoishi ni makumbusho. Bustani yenyewe ilianzishwa na Rudbeck mwaka 1655, ikaharibika baada ya moto mkubwa wa mwaka 1702 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, kisha Linnaeus akaifufua. Sasa imepangwa kwa kufuata ramani ya mwaka 1745. Ni vitalu virefu vilivyonyooka, kila mmea na kibao chake. Nenda majira ya joto, wakati wa baridi inafungwa.

Karibu na hapo, mtaa wa Svartbäcksgatan, kuna nyumba imekaa upande, haikufuata mstari wa barabara kama majirani zake. Ni ya Anders Celsius, profesa wa elimu ya nyota. Joto tunalotangaziwa kila siku na Mamlaka ya Hali ya Hewa linapimwa kwa kipimo chake cha mwaka 1742. Yeye aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 yanapoganda. Waliokuja baada yake ndio waliogeuza.

#4 Nyakeyo wa Kisumu

Asante kwa uzi, ndugu. Lakini naomba tusimsifu Linnaeus upande mmoja tu. Huyu ndiye aliyepanga binadamu katika makundi manne kwa bara na rangi, na Mwafrika akamwandikia tabia za matusi. Tukienda kusimama juu ya kaburi lake tujue tumesimama juu ya nani.

#5 Mtembezi wa Kihonda

Nyakeyo, umesema kweli tupu na nashukuru umeianza wewe. Katika chapa ya mwaka 1758 ya kitabu chake kikuu Linnaeus alimweka Mwafrika kundi lake, akamwita mzito, mvivu, mtu anayeongozwa na matakwa ya papo hapo. Hakuwahi kuishi nasi hata siku moja.

Na haikuishia kwake. Ukitoka kanisa kuu, hatua chache tu, kuna jengo zuri la zamani linaitwa Dekanhuset. Hapo ndipo ilipokuwa Taasisi ya Serikali ya Biolojia ya Mbari, iliyofunguliwa mwaka 1922 chini ya Herman Lundborg. Wataalamu wake walipima mafuvu, wakapiga picha watu wakiwa uchi, hasa Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini, ili kuthibitisha nani bora na nani duni. Fikra za aina hiyo ndizo zilizobeba sheria ya mwaka 1934 ya kuwafunga watu vizazi. Taasisi ilibadilishwa kuwa idara ya jenetiki ya tiba ya chuo mwaka 1958.

Mimi nawaambia wageni wangu wote wapite hapo. Kisha wavuke bustani waende jengo kuu la chuo, la mwaka 1887, wapande ngazi hadi mlango wa ukumbi mkubwa. Juu yake kuna maneno ya mshairi Thomas Thorild kwa herufi za dhahabu: kufikiri kwa uhuru ni jambo kubwa, lakini kufikiri sawasawa ni kubwa zaidi. Hapo Uppsala kwenyewe watu wamegombana juu ya maneno hayo miaka mingi, maana yake nani anaamua kufikiri sawasawa ni kupi? Baada ya kutoka Dekanhuset unayasoma ukiwa na macho mengine kabisa.

Mbele ya jengo hilo, kwenye nyasi, kuna mawe marefu yenye maandishi ya runi, herufi za watu wa kale wa huko, yamechorwa kama nyoka aliyejisokota. Mkoa huu wa Uppland una zaidi ya mawe 1,000 ya namna hiyo.

#6 Mwana Katanga

Jambo bandugu. Miye ni mtu wa Lubumbashi. Nasikia Dag Hammarskjöld alikuwa mtoto wa mji huo. Kwetu jina hili wazee wanalijua sana, kwa sababu ya vita vya ONU, ndiyo Umoja wa Mataifa, na Tshombe, yule aliyetaka Katanga ijitenge. Askari Waswidi walikuwa hapa kwetu mjini. Kuna alama yake yoyote huko?

#7 Mtembezi wa Kihonda

Ndugu yangu, alama zipo kila mahali, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hammarskjöld alizaliwa Jönköping mwaka 1905, lakini baba yake akawa mkuu wa mkoa wa Uppsala, na mkuu wa mkoa anaishi katika kasri. Kwa hiyo kasri lile la waridi juu ya kilima ndiko alikokulia. Gustav Vasa alianza kulijenga mwaka 1549, na humo humo Malkia Kristina alivua taji lake mwaka 1654. Panda hadi juu hata kama huna haja ya kuingia. Utaona mji wote na minara ya kanisa. Pembeni kuna kengele ya Gunilla, inayolia saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku.

Kutoka hapo teremka kwenda makaburi ya zamani ya mji. Miti mikubwa, njia za changarawe, watu wanapita na watoto wao. Kaburi lake ni la familia, amelala pamoja na wazazi wake. Ni mawe ya kawaida tu, majina na miaka. Huyu alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953, akafa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akiwa njiani kukutana na Tshombe ili vita vya Katanga visimame. Tuzo ya Nobeli ya Amani alipewa akiwa marehemu. Nimewahi kupeleka pale mgeni kutoka Bukavu, mama mtu mzima, akaomba tumwache peke yake kidogo. Tukakaa kwenye benchi tukamsubiri.

Watanzania tuna deni la kulijua jambo hili pia. Aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza upya kifo hicho ni Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu mstaafu. Aliongoza jopo mwaka 2015, kisha akaendelea na kazi hiyo peke yake kuanzia 2017. Ripoti zake zimesema kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishwa kutoka nje, na kwamba baadhi ya nchi zenye nyaraka muhimu hazijazitoa. Mtu wa kwetu anaulizia haki ya mtu aliyezikwa Uppsala. Mimi jambo hili linanipa heshima kubwa kila nikilifikiria.

Barabara iendayo kusini kutoka mjini inaitwa Dag Hammarskjölds väg. Nimeipita kwa baiskeli mvua na theluji, kwa sababu inakupeleka Ultuna, kwenye chuo kikuu cha kilimo. Ni kama kilomita 5. Wahadhiri kadhaa wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wanaijua barabara hiyo kona kwa kona.

#8 Mwana Katanga

Nakushukuru sana. Nitamsomea baba yangu haya yote. Yeye alikuwa kijana mwaka ule.

#9 Omushaija wa Kashozi

Wakuu naomba niongeze la Bukoba. Askofu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri kule kwetu Buhaya, kuanzia 1961 hadi 1964, alikuwa Bengt Sundkler, na huyo alikuwa profesa wa historia ya kanisa Uppsala. Aliondoka akamwachia Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977. Sundkler akarudi Uppsala kufundisha. Watu wa Kagera mkifika kanisa kuu lile jueni kuna uzi mrefu unaotoka pale hadi Bukoba.

#10 Mtembezi wa Kihonda

Asante sana mzee wangu. Na ukumbuke pia Baraza la Makanisa Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa nne Uppsala, Julai 1968. Martin Luther King ndiye aliyepangwa kuhubiri, akauawa Aprili mwaka huohuo. Kaunda alikuwepo na alihutubia.

#11 Dada wa Malmö

Mtembezi, uzi wako mtamu, ila siwezi kukaa kimya. Kama mtu anataka mji wa chuo wenye haiba, aende Lund! Chuo chetu ni cha 1666, kweli ni mdogo kwa Uppsala, lakini kanisa kuu letu liliwekwa wakfu 1145, kabla hata la kwenu halijaanza kujengwa. Ndani kuna saa ya unajimu ya karne ya 15, ikifika wakati wake milango midogo inafunguka na sanamu za wale mamajusi watatu zinapita mbele ya Bikira Maria huku muziki ukilia. Watoto wangu hawachoki kuiangalia. Tena ukishuka uwanja wa Copenhagen unapanda treni moja, unavuka daraja la Öresund, haifiki saa nzima uko Lund. Mji ni mdogo, vichochoro vya mawe, waridi ukutani. Uppsala ni mji mkubwa sasa, una majengo mapya mengi.

#12 Mtembezi wa Kihonda

Dada yangu, Lund nimefika na sina neno baya juu yake. Kwa vichochoro na utulivu nakupa ushindi. Saa ile nayo naikubali kabisa, na kanisa lenu lina chumba cha chini chenye nguzo ambazo kwangu mimi zinazidi chochote kilichopo kwenye kanisa la Uppsala. Anayetua Copenhagen aende Lund, wala asijivute hadi kwetu.

Ila kwa msomaji wa Kiswahili bado nasimama palepale. Lund haina Hammarskjöld, wala L ya mwembe, na Sundkler hakufundisha huko. Kuna Taasisi ya Nordiki ya Afrika pia, iliyoanzishwa Uppsala mwaka 1962, na maktaba yake ya mambo ya Afrika nimekaa humo nikisoma magazeti na ripoti za Tanzania ya miaka ya sabini ambazo Morogoro sikuwahi kuzitia machoni. Ukitaka uzuri peke yake, Lund. Mimi nazungumzia mji unaokupa kazi ya kufikiri juu ya kwenu.

Jambo jingine ambalo hamna: Biblia ya Fedha. Iko kwenye maktaba ya chuo, Carolina Rediviva, jengo la 1841 juu ya mlima pale barabara ya Drottninggatan inapoishia. Ni kitabu cha karne ya 6, Injili kwa lugha ya Kigothi, lugha iliyokwisha kufa. Kurasa zake ni za ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau na maandishi ni ya wino wa fedha na dhahabu. Chumba kina giza makusudi ili mwanga usiiharibu. Subiri macho yazoee, ndipo herufi zianze kung'aa mstari kwa mstari. Jeshi la Uswidi liliipora Biblia hiyo huko Prague mwaka 1648, yaani ni mali ya vita, na hilo nalo la kukumbuka tunapodai vya kwetu vilivyoko Ulaya. Karibu yake kuna ramani kubwa ya Olaus Magnus ya mwaka 1539, bahari imejaa madubwana.

#13 Bi Shangani

Assalaam alaykum. Wanangu mmesahau Kiswahili chenyewe! Profesa Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, amefundisha Kiswahili Uppsala miaka mingi, na kazi zake juu ya maneno ya Kiarabu, Kihindi na Kiajemi ndani ya Kiswahili zinasomwa kote. Wazungu wangapi wamejifunza kusema nasi kwa mikono yake.

Sasa naomba kuuliza, maana mwanangu ananialika. Sisi watu wa swala na saumu tunafanyaje huko? Na baridi je? Mimi ni mtu mzima, magoti yananisumbua.

#14 Mtembezi wa Kihonda

Waalaykum salaam mama, shikamoo. Umetukumbusha jambo kubwa na ahsante sana.

Msikiti upo Uppsala, wenye mnara kabisa, na waumini ni wa kila taifa: Wasomali, Waarabu, Wabosnia, watu wa Afrika Magharibi. Nyama ya halali inapatikana kwenye maduka ya Waarabu na Wasomali, na humo humo utakuta mchele wa basmati, iliki, mdalasini na mara nyingine ndizi za kupika. Maji ya bomba ni salama kunywa.

Suala la nyakati ndilo la kujiandaa. Uppsala iko karibu nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu na saa tatu asubuhi na linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana mbiombio. Juni ni kinyume chake. Jua linazama baada ya saa nne usiku na linarudi kabla ya saa kumi alfajiri, na giza lenyewe halikolei. Msikiti una ratiba yao, mwanao akuchukulie mapema.

Kwa ushauri wangu mama nenda kati ya mwisho wa Mei na Agosti. Magoti yako yatafurahi. Mji ni tambarare isipokuwa kile kilima cha kasri na maktaba, na ukiwa na mwanao mnaweza kupanda basi hadi juu mkateremka taratibu. Kando ya mto kuna mabenchi na mikahawa. Waswidi wana desturi ya kusimamisha kazi kwa kahawa na andazi la mdalasini, wanaiita fika, na ukialikwa usikatae, maana ndipo wanapofunguka na kuzungumza. Ukitaka mkahawa wa kizamani kuna Ofvandahls, upo tangu 1878.

Wanaolazimika kwenda wakati wa baridi: viatu vyenye soli ya kushika barafu kwanza, koti la pili. Watu wanajali koti wakasahau viatu, wanaanguka. Ila Desemba 13 ina zawadi yake, siku ya Lucia. Wasichana na wavulana wenye nguo nyeupe wanaingia kanisani na mishumaa wakiimba katika giza lile. Mwenye nafasi asikose.

#15 Mwanagenzi wa Njoro

Mkuu, hizo sherehe za wanafunzi ninazoziona mtandaoni, watu na kofia nyeupe na mto umejaa vyelezo, ni Uppsala? Na njia ya kusoma huko iko vipi kwa sisi wa Afrika Mashariki?

#16 Mtembezi wa Kihonda

Ndiyo, ni Valborg, tarehe 30 Aprili. Wanafunzi wanaunda vyelezo vya maboksi na maboya vyenye maumbo ya kila aina, kuanzia saa nne asubuhi wanashuka navyo mto Fyris na kwenye maporomoko madogo wengi wanapinduka. Maji ya mwezi huo ni ya baridi ya kukata. Saa tisa alasiri umati unajaa chini ya Carolina Rediviva, mkuu wa chuo anatoka roshani na kupunga kofia nyeupe, na maelfu ya watu wanavaa za kwao kwa pamoja. Ndiyo namna yao ya kuipokea masika baada ya ule mwezi wa giza niliomweleza mama. Ukifika siku hiyo weka nafasi ya malazi miezi kabla.

Uhai wa wanafunzi uko kwenye vyama viitwavyo nation. Viko 13, na vingi vina mamia ya miaka. Asili yake ni vijana wa mkoa mmoja kukaa pamoja mbali na nyumbani: wa Småland kwao, wa Gotland kwao. Leo unajiunga na chochote unachopenda. Kila kimoja kina nyumba yake, mgahawa wa bei nafuu, kwaya, maktaba, na karamu rasmi ambapo mnakaa mezani mmevaa vizuri na nyimbo zinaanza kila baada ya tonge mbili. Mlangoni wanaangalia kadi ya mwanafunzi na kitambulisho, kwa hiyo mgeni uzungumze na mwenyeji wako kabla. Mwenzetu aliyekuwa mpweke sana muhula wa kwanza alijiunga na kwaya ya nation yake, na hapo ndipo alipopata marafiki. Hakuwa akijua hata neno moja la Kiswidi.

Kusoma: tangu mwaka 2011 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada, na maombi yenyewe yana ada ya krona 900. Dirisha kuu la uzamili linafungwa katikati ya Januari, usingoje Machi. Taasisi ya Uswidi inatoa ufadhili wa uzamili kwa nchi kadhaa, zetu zikiwemo, lakini wanataka uzoefu wa kazi na uongozi. Uzamivu ni habari nyingine: nafasi nyingi ni ajira yenye mshahara, unaomba kama unavyoomba kazi. Kwa watu wa fizikia, kemia na hisabati ulizeni vyuoni kwenu kuhusu Programu ya Kimataifa ya Sayansi ya Uppsala, ISP. Ilianzishwa 1961 na imelea wanasayansi wengi wa Dar, Nairobi, Makerere na kwingineko, mtu anasoma huku na kule akibaki mtumishi wa chuo chake cha nyumbani.

#17 Kijana wa Makorora

Mkuu nipe sasa ya safari yenyewe. Viza, nauli, pesa. Na kama nina siku ya pili, niende wapi?

#18 Mtembezi wa Kihonda

Viza ni ya Schengen, ada ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla. Omba mapema, maana miadi inajaa.

Arlanda ni karibu na Uppsala kuliko Stockholm wenyewe wanavyopenda kukuambia. Treni ni kama dakika 20, ila kupanda kwenye kituo cha uwanja kuna ada ya ziada juu ya nauli. Basi namba 801 halina ada hiyo, linachukua muda zaidi lakini linakushusha stesheni ya Uppsala. Ukitokea Stockholm treni ni dakika 40 hivi.

Fedha taslimu ziache. Basi halipokei, maduka mengi hayapokei. Hakikisha kadi yako ya benki imefunguliwa kwa malipo ya nje kabla hujaondoka, na uwe nayo ya pili. Ule mfumo wao wa kulipa kwa simu unahitaji akaunti ya benki ya Uswidi, kwa mgeni haufanyi kazi.

Siku ya pili nenda Gamla Uppsala, kama kilomita 5 kaskazini, basi la mjini linafika. Huko ndiko mji ulikokuwa mwanzo. Utaona vilima vitatu vikubwa vimepangana, vya karne ya 6, ndani yake walizikwa wakubwa wa zama zile pamoja na mali zao baada ya kuchomwa. Padri mmoja Mjerumani wa karne ya 11, Adam wa Bremen, aliandika kwamba hapo palikuwa na hekalu la miungu Thor, Odin na Frey, na kila baada ya miaka tisa walichinjwa wanaume na wanyama, miili ikatundikwa mitini. Yeye mwenyewe hakufika, alisimuliwa, na wanahistoria bado wanabishana naye. Kando ya vilima kuna kanisa dogo la mawe lililokuwa makao ya askofu mkuu kabla hayajahamishiwa mji wa sasa mwaka 1273. Fika asubuhi kabla ya makundi ya watalii, zunguka kwa njia ya nyuma ya vilima, kisha ndipo uingie makumbusho.

Mwezi wa Mei bustani ya Linnaeus inakuwa imefunguliwa. Anza nayo siku ya kwanza, na makaburi yaweke jioni, maana wakati huo mwanga unakaa hadi usiku na hutaharakishwa na mtu. Ukifika tuandikie hapa.